Nina shahada ya uhasibu, ajira bado. Nifanye nini mkono usisahau kazi?

Binti_Kihonda

Wakuu, habari za humu. Niko Morogoro, nimemaliza shahada ya uhasibu 2023. Maombi ya kazi natuma kama kawaida, kwa hiyo sijaja kuuliza nitapataje ajira, hilo limejadiliwa mpaka limechakaa. Nauliza huu muda wa kusubiri niutumie vipi, ili siku nikiitwa nisikae mbele ya kompyuta ya ofisi kama mgeni.

Nilicho nacho: laptop ya RAM 4GB, nafasi ya saa tatu mpaka nne kila mchana (asubuhi ni kazi za nyumbani), na bando la kubana. Leja naijua kwa mitihani, Excel ya juu juu, Tally (programu ya uhasibu) nimeisikia darasani tu. Huyu ananiambia kusanya vyeti vya kozi za mtandaoni, yule anasema CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu) kwanza, mwingine nenda kajitolee. Nianze na lipi? Atakayejibu naomba ataje vitu vyenyewe. "Jiamini" na "ongeza ujuzi" nimeshazisikia za kutosha.

---

Mizani_Sawa

Dada, anza na hesabu za mtu mwingine. Vyeti baadaye.

Tatizo la mhitimu si kutojua kanuni. Chuoni swali huja limeshapangwa: tarehe zipo, kiasi kipo, debiti na krediti zitalingana ukifuata njia. Ofisini unaletewa bahasha ya risiti zilizofifia, nyingine mbili za kitu kimoja, nyingine haina tarehe, na bosi anataka kujua kwa nini keshi imepungua. Hicho kipaji cha kutengeneza mpangilio kutoka kwenye vurugu ndicho kinachooza mtu akikaa. Kozi ya mtandaoni haikupi vurugu.

Tafuta duka la rejareja la mtaani ambalo mwenyewe anaandika kwenye daftari. Muombe umtunzie hesabu kwa miezi mitatu, bila malipo, kwa masharti mawili: akuachie upige picha kurasa za daftari kila jioni, na wewe usimtajie mtu yeyote mauzo yake. Hilo la pili lichukulie kwa uzito. Mwenye duka anaogopa mambo matatu: jirani, ndugu wa kumkopa, na TRA, watu wa kodi.

Siku ya kwanza usiguse Excel. Fanya keshi ya siku moja kwenye karatasi, hivi:

Chenji ya kuanzia asubuhi 40,000. Mauzo ya taslimu 168,500. Mauzo ya simu 61,000 (haya hayaingii kwenye droo, yaandike pembeni). Amelipa mkate 36,000, LUKU 10,000, mwenye duka kachukua ya mboga 15,000. Droo inatakiwa iwe na 40,000 + 168,500 − 36,000 − 10,000 − 15,000 = 147,500.

Sasa hesabu noti kwa aina: 10,000 ziko 9, 5,000 ziko 6, 2,000 ziko 7, 1,000 ziko 7, sarafu za 500 ziko 6. Jumla 144,000. Pungufu 3,500.

Hiyo 3,500 ndiyo shule yenyewe. Usiifute, na usiiite "matumizi mengineyo". Mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya hivi: mteja kachukua sukari kwa mkopo ikaandikwa kama mauzo ya taslimu; mauzo ya simu yameandikwa kama taslimu; mwenye duka katoa hela ya kumpa mtoto kabla hujaja; au chenji ilirudishwa zaidi. Iandike kwenye safu yake ya "pungufu/ziada" kila siku. Baada ya wiki tatu angalia safu hiyo peke yake. Pungufu ikiwa inakuja kila Jumamosi, unajua nani anakaa dukani Jumamosi. Hapo usimtuhumu mtu, mpe mwenye duka namba.

Na ile 15,000 ya mboga ni matoleo ya mwenye mali. Usiiweke kwenye gharama za biashara. Ni kosa dogo, wahitimu wengi wanalijua kwenye mtihani, lakini likiwa na sura ya hela ya mboga wanalikosa.

Mwisho wa mwezi hesabu mali iliyobaki kwenye rafu kwa bei ya kununulia. Si bei ya kuuzia! Mfano: mali ya mwanzo 3,200,000, manunuzi 5,450,000, mali ya mwisho 2,980,000. Gharama ya mauzo ni 5,670,000. Mauzo yakiwa 6,804,000, faida ghafi ni 1,134,000. Mwenye duka atakwambia "mimi naweka asilimia 20". Ni kweli, 20 juu ya gharama. Kwenye mauzo ni asilimia 16.7 tu, na hiyo ndiyo inayolipa kodi ya pango. Ukiweza kumweleza tofauti hiyo akaelewa, umeshajifunza kazi ambayo haimo kwenye silabasi.

---

Kapu_la_Risiti

Naongezea upande wa Excel, maana mtu akishapata data ndipo balaa linaanza.

Fungua faili moja lenye shiti tano: Keshi, Simu, Manunuzi, Madeni, Muhtasari. Kwenye Keshi weka safu za Tarehe, Namba, Maelezo, Aina, Ingia, Toka, Salio. Safu ya Aina isiandikwe kwa mkono, iwekee orodha ya kuchagua kupitia Data Validation. Ukiandika kwa mkono utakuwa na "Umeme", "umeme " yenye nafasi mwishoni, na "Luku", na SUMIFS (fomula ya kujumlisha kwa aina) itakuhesabia vitu vitatu tofauti bila kukuambia.

Yanayoharibika sana ni haya:

Taarifa ya miamala ya simu ni PDF. Ukiinakili kwenye shiti, kiasi kinaingia kama maandishi kwa sababu ya koma na nafasi. Dalili: namba zimejipanga kushoto mwa seli, na SUM inakupa 0. Ondoa koma na nafasi kwa Find and Replace, halafu andika 1 kwenye seli tupu, inakili, chagua safu nzima, Paste Special, Multiply.

Tarehe ni mbaya zaidi, kwa sababu zinakosea kimyakimya. Kompyuta ikiwa kwenye mpangilio wa Kimarekani, 05/03 (tarehe tano Machi) inasomwa Mei 3. Tarehe 13/03 haiwezekani kwa Mmarekani, kwa hiyo inabaki maandishi. Matokeo yake nusu ya mwezi imehamia miezi mingine na nusu haihesabiki kabisa. Kagua hivi: zipanue safu, angalia kama zote zimeegemea upande mmoja. Zikiwa nyingine kushoto nyingine kulia, usiendelee na kitu chochote. Badili kwanza mpangilio wa nchi kwenye kompyuta uwe wa siku/mwezi/mwaka, kisha ingiza data upya tangu mwanzo. Kurekebisha seli moja moja ni kujitafutia kosa jipya.

VLOOKUP (fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali) isiyo na FALSE mwishoni inakuletea jibu la karibu karibu, tena kwa ujasiri wote. XLOOKUP ni nzuri ila haipo kwenye Excel 2016 na 2019, na ofisi nyingi bado ziko huko, kwa hiyo jifunze INDEX na MATCH. Mkono ukizoea hizo mbili hutakwama kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Huna leseni ya Excel? LibreOffice Calc inatosha na haina malipo, na kwa RAM 4GB haitakusumbua. Kumbuka kuhifadhi kama .xlsx, maana yenyewe hupenda .ods na ukimtumia mtu anaweza kukwambia faili halifunguki vizuri.

Kuhusu Tally: pakua TallyPrime ufungue kwa hali ya mafunzo. Haidai malipo, ila inakuruhusu kuingiza vocha za tarehe 1, 2 na ya mwisho wa mwezi tu. Watu hufikiri imeharibika wanaifuta. Chukua miamala ya duka, igawe kwenye hizo tarehe tatu, uingize. Unachojifunza ni kuunda leja, kuchagua aina ya vocha na kutoa urari (trial balance). Tarehe hazina uzito kwenye mazoezi. QuickBooks Online ina majaribio ya siku 30, basi usiifungue kabla data ya mwezi mzima haijakaa tayari, vinginevyo siku 20 zitaishia kuitazama.

---

Mtumbuizaji77

Kwani lazima duka? Wenye maduka wa kwetu huku hawakuoneshi hata kopo la chenji 😂

---

Mizani_Sawa

Si lazima mkuu. Kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, ni kizuri vilevile, na pengine kigumu zaidi, kwa sababu una hisa, mfuko wa jamii, mikopo, riba na faini, vyote kwenye boksi moja lenye kufuli tatu. Kazi yako iwe kulinganisha kitabu cha kikundi na vitabu vya wanachama kimoja kimoja. Mwanachama mwenye kitabu kinachosema hisa 48 na cha kikundi kinasema 46 ndiyo mazoezi ya ukaguzi hayo. Hata kamati ya harusi ina michango, ahadi na malipo ya awali kwa mpishi. Ahadi si mapato mpaka ilipwe, sivyo? Basi tengeneza safu mbili na uone wajumbe watakavyoshangaa pengo.

---

Afisa_Utumishi

Mimi niko upande wa wanaopokea maombi, kwa hiyo nitajibu kile kipande cha kujitolea na cha kuweka haya kwenye wasifu.

Kujitolea kwenye ofisi ni kuzuri kukiwa na mipaka. Bila mipaka unageuka mtu wa kupiga fotokopi na kununua chai. Kabla ya kuanza omba barua yenye mambo manne: kipindi (miezi mitatu, si "mpaka nafasi ipatikane"), siku za wiki (mbili au tatu, zinazobaki ni zako za kusoma), msimamizi wako ni nani, na kazi utakazofanya kwa majina, kwa mfano kuandaa vocha za malipo, kufanya usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa ya benki), kutunza rejista ya mali. Omba nauli. Ofisi inayokataa hata nauli na hata barua, mwisho wa miezi mitatu itakataa pia kukuthibitisha kwa simu.

Kwa utarajali (internship) unaoratibiwa na serikali, jisajili kwenye huduma ya ajira ya serikali, iliyojulikana kama TaESA. Sajili mapema, kwa sababu waajiri wakileta maombi hutafutwa aliyemo tayari kwenye mfumo.

Kwenye wasifu, kazi ya duka iandike ilivyo: "Utunzaji wa hesabu kwa kujitolea, duka la rejareja, Morogoro, Februari hadi Aprili." Chini yake mistari mitatu yenye vitendo na namba: ulisuluhisha miamala mingapi ya simu kwa mwezi, ulifunga hesabu za miezi mingapi, tofauti gani uligundua. Usiandike "Mhasibu Mkuu". Msaili akiuliza mkuu wa nani, utafanyaje? Mwenye duka awe mdhamini wako, kwa ruhusa yake, na mwambie atapigiwa aulizwe nini.

Sampuli ya kazi unayobeba kwenye usaili futa majina ya wateja na namba za simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na hata kusingekuwa na sheria, msaili akiona umemletea daftari la madeni lenye majina ya watu, anajiuliza utafanya nini na mishahara ya ofisi yake.

Sasa Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, kwa kuwa muda wa kusubiri ndio muda wa kunyoosha nyaraka. Watu wenye sifa hukatwa kwenye karatasi. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, wanataka vyeti. "Testimonial" na matokeo ya muda hazikubaliwi pia. Angalia jina lako herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, kidato cha nne, cha sita na shahada. Kama cha nne kinasema "Halima J. Saidi" na cha shahada "Halima Juma Said", shughulikia sasa hivi. Hati ya kubadili jina iliyosajiliwa haitoki kwa siku moja, na barua ya kuitwa kwenye usaili haikupi mwezi.

Mwisho kwenye hili: kuomba kupitia Sekretarieti ya Ajira ni bure. Anayekutumia ujumbe wa "lipia fomu" ni tapeli, futa namba.

---

Mwalimu_wa_Jioni

Kwenye CPA nitapingana kidogo na waliotangulia. Si suala la baadaye, ni la kwenda sambamba, ila kwa kipimo.

Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa CPA, ni Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati, halafu ya mwisho. Kosa la mtu asiye na kazi ni kusema "nina muda, nachukua masomo yote". Muda unao, hela ya ada na stamina huna. Ukiwa na saa tatu kwa siku, chukua mawili, kwa wengine matatu. Chagua yanayogusana na kazi ya mikono unayofanya: taarifa za fedha na kodi. Ada iwe umeshaitenga kabla ya kufungua kitabu, si ya kukopa kwa ndugu wiki ya mwisho ya usajili.

Namna ya kusoma: majarida ya NBAA ya maswali yaliyopita na majibu yake, pamoja na ripoti za watahini. Hizi ripoti watu wanaziruka, na ndizo zinazosema wazi watahiniwa wameangukia wapi. Fanya swali moja kwa saa, kwa kalamu, bila kutazama jibu, kisha sahihisha kwa wino mwingine. Kusoma jibu na kutikisa kichwa "naam, naelewa" hakuhesabiki.

Kodi isomwe kwa kukokotoa. Jipe mshahara wa kubuni kila siku. Mfano mshahara ghafi 900,000. Toa NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) ya mfanyakazi asilimia 10, yaani 90,000. Kinachotozwa kodi ni 810,000. Kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara) vilivyoanza Julai 2021, kati ya 760,000 na 1,000,000 ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kwa hiyo 68,000 + 12,500 = 80,500. Mkononi anapata 729,500. Kosa la kawaida ni kutoza PAYE kwenye 900,000 nzima. Ukifanya hivyo unapata 103,000, na mfanyakazi amekatwa 22,500 isiyo yake. Mwajiri naye anachangia NSSF yake juu ya mshahara, na wengi husahau kuiweka kwenye gharama.

Halafu ishi na kalenda ya ofisi hata kama ofisi huna. Tarehe 7: PAYE na kodi za zuio za mwezi uliopita. Tarehe 20: ritani (fomu ya taarifa ya kodi) ya VAT. Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31: awamu za kodi ya mapato kwa anayefunga hesabu Desemba. Weka kengele kwenye simu, na kila ikilia ujaze ritani ya kampuni yako ya kubuni kwenye karatasi. Kila Juni, baada ya bajeti kusomwa, pakua Muswada wa Sheria ya Fedha ukague nini kimebadilika, maana viwango huanza Julai 1 na msaili anapenda sana kuuliza cha mwaka huo.

Kwa wanaotaka la kuzungumza kwenye usaili: IFRS 18, kiwango cha kimataifa cha kuwasilisha taarifa za fedha, inachukua nafasi ya IAS 1 kuanzia Januari 1, 2027. Soma tu inavyobadilisha taarifa ya faida na hasara, yale mafungu ya uendeshaji, uwekezaji na ugharimiaji. Wengi waliomo kazini bado hawajaigusa.

---

Mtumbuizaji77

Na ukishajua kodi si unaanza tu kuwajazia watu ritani kwa elfu kumi kumi? Hela ipo hapo.

---

Mwalimu_wa_Jioni

Hapana mkuu. Kumfundisha mwenye duka atunze risiti zake ni sawa. Kujitangaza mshauri wa kodi na kuwasilisha ritani kwa niaba ya watu kwa malipo kunahitaji usajili, na kusaini hesabu zilizokaguliwa ni kazi ya mwenye usajili wa NBAA. Ukikosea ritani ya mtu, riba na adhabu zinamwangukia yeye, na jina lako mtaani limekwisha kabla hujaajiriwa. Wewe baki kwenye kuandika vitabu: mauzo, manunuzi, madeni, keshi.

---

Afisa_Utumishi

Hili la ratiba limerukwa. Dada ana saa tatu au nne, zisitawanywe. Ningegawa hivi: Jumatatu mpaka Alhamisi saa nane mchana mpaka saa kumi, swali la NBAA au la kodi, simu ikiwa chumba kingine. Saa kumi na robo mpaka saa kumi na moja na nusu, data ya duka. Ijumaa yote ni maombi ya kazi: barua, nyaraka, kupiga simu. Ukiomba kazi kila siku nusu saa nusu saa, kila siku inakuwa na huzuni yake. Ukiitenga Ijumaa inakuwa kazi yenye mwisho. Umeme ukikatika hamia karatasini, si kitandani. Ukiweza, siku mbili kwa wiki nenda maktaba ya mkoa. Meza ya maktaba haina mtu wa kukutuma dukani.

Upakuaji wote fanya kwa mkupuo mmoja wa wiki. Video moja ya saa nzima kuhusu Pivot Table inakula bando ambalo lingekupakulia maswali ya miaka mitano.

---

Binti_Kihonda

Ahsanteni sana wakuu. Nimeshapata duka, mama mmoja hapa jirani kakubali, ila kasema picha za daftari nisizipeleke "kwenye mitandao". Nimeanza na mwezi uliopita. Keshi inaenda. Nimekwama kwenye simu: taarifa ya miamala inasema aliingiza 1,846,000, daftari lake linasema 1,873,000. Nimepitia mara mbili sioni. Niandike tu tofauti 27,000 niendelee?

---

Mizani_Sawa

Usiendelee. Gawanya hiyo tofauti kwa 9 kwanza. 27,000 ÷ 9 = 3,000 kamili. Tofauti inayogawanyika kwa 9 ni harufu ya tarakimu zilizobadilishana nafasi au sifuri iliyozidi. Ina njia mbili hapo:

Moja, tarakimu mbili jirani zenye tofauti ya 3 zimepishana kwenye maelfu: 14,000 na 41,000, 25,000 na 52,000, 36,000 na 63,000, hivyo hivyo mpaka 69,000 na 96,000. Kwa kuwa daftari ndilo kubwa, tafuta kwenye daftari ile namba kubwa ya kila jozi.

Mbili, 3,000 imeandikwa 30,000. Tofauti yake pia ni 27,000.

Isingegawanyika kwa 9, ungegawanya kwa 2 na kutafuta kiasi hicho, maana kuna kitu kimeandikwa upande usio wake: hela iliyotoka imewekwa kwenye iliyoingia. Ikishindikana nayo, tafuta muamala mmoja wenye kiasi kile kile cha tofauti uliokosekana upande mmoja. Na usipitie kwa macho kutoka juu kwenda chini, umeshazoea kosa lako. Weka tiki kwa penseli pande zote mbili kwa kila muamala unaofanana, anza na tarehe ya mwisho kurudi nyuma. Unaobaki bila tiki ndio wenyewe.

---

Binti_Kihonda

Ni sifuri. Tarehe 11, mteja kalipa mkate na maziwa 3,000 kwa simu, daftarini 30,000. Nilikuwa naipita kwa sababu mstari wa juu yake nao ni 30,000, wa mchele.

---

Kapu_la_Risiti

Safi. Usiufute mstari wa mama kwenye daftari, pitisha mstari mmoja juu ya 30,000 isomeke, andika 3,000 pembeni, na mwache yeye mwenyewe aweke sahihi.